Barua ya wazi kwa msimamizi wa msitu wetu wa Usambara: semeni baiskeli zipite wapi

Kwa:
Ndugu Mhifadhi,
Msimamizi wa msitu wa serikali ulio juu ya vijiji vyetu,
Milima ya Usambara Magharibi,
Mkoa wa Tanga.

YAH: NJIA ZA WASAFIRI WA BAISKELI NDANI YA MSITU

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nianze na samahani. Mtu mzima akiwa na jambo na mwenzake humfuata nyumbani kwake, hamwiti sokoni. Nilikufuata nyumbani. Barua ya kwanza niliileta kwa mkono kabla ya masika ya mwaka juzi, ikagongwa muhuri wa kupokelewa, na nakala ninayo. Nilipoleta ya pili nikaambiwa anayeshughulika na mambo hayo yuko semina. Ya tatu nikaambiwa faili halionekani, niandike upya. Nikaandika upya. Baada ya hapo nilikuja mara nne mikono mitupu, nikakaa kwenye benchi la korido yenu mpaka nikajua ni msumari upi umechomoza na ukae upande gani usikuchane suruali. Leo nimeamua kuja sokoni.

Jina la msitu silitaji, wala la ofisi yako, wala lako. Misitu ya serikali huku milimani ni mingi na anayehusika atajijua. Sina nia ya kumwaibisha mtu, na hasa sitaki vijana wa getini wabebeshwe lawama zisizo zao. Mmoja wao nimemfundisha kuziba pancha akiwa darasa la tano.

Mimi ni fundi baiskeli na mwongoza wageni. Kabla ya hapo nilikuwa nateremsha kabichi kwa baiskeli, magunia mawili kwenye kareji, na breki yangu ilikuwa ndara ya tairi niliyoikandamiza kwenye gurudumu la nyuma kwa kisigino. Kwa hiyo mteremko wa milima hii naujua kwa unyayo. Huu ni mwaka wa 12 napandisha watu na baiskeli zao kupitia msitu mnaousimamia, na nina maslahi katika jambo hili. Nalisema mapema ili lisije likanirudia kama fumanizi.

Labda wewe hujawahi kukaa nao, hawa wasafiri wa baiskeli. Si wale wa mashindano wenye nguo za kubana. Hawa wana mabegi mawili nyuma, mawili mbele, hema, jiko dogo, na mara nyingi umri umeshawatupa mkono. Wanatoka Tanga au Moshi, wanaiacha barabara kuu pale Mombo, mita 400 hivi juu ya usawa wa bahari, wanapanda lami ya kilomita 33 kupitia Soni hadi Lushoto, karibu mita 1,400. Hapo lami kwao ndiyo inakwisha kazi. Wanataka udongo, wanataka kivuli, wanataka kwenda mdogo mdogo mpaka Mtae, pale mlima unapokatika ghafla na tambarare ya Mkomazi iko chini yako kama mkeka.

Mgeni wa gari hununua maji Mombo akayamalizia Mtae, kioo kimefungwa njia nzima. Mgeni wa baiskeli hawezi. Akimaliza kilima kimoja lazima ale: ndizi, plamsi, chai, mayai ya kuchemsha, na usiku unamkuta kijijini, siyo hotelini. Tuna mama mmoja wa mgahawa hapa ambaye amejifunza kukadiria: akiona baiskeli mbili zimeegeshwa, anaongeza maji kwenye sufuria ya ugali bila kuuliza.

Na njia zenyewe si mpya. Wajerumani walipoanza reli yao Tanga mwaka 1893 na kufika Mombo mwaka 1905, walikuwa na macho kwenye miti ya huku juu, hasa mwangati. Walifunga hata kamba ya chuma ya kuteremshia magogo kutoka Shume hadi Mkumbara. Kuyafikisha magogo kwenye kamba kulihitaji njia, na zikachongwa njia. Nyingine ni za babu zetu, za kwendea sokoni na msibani. Hatuombi mtuchongee hata hatua moja ya ziada. Tunaomba mseme neno juu ya zilizopo.

Haya ndiyo yanayotukera.

1. Hakuna anayejua baiskeli ni nini.

Mwaka jana mwezi wa saba, ukungu ule wa kwetu ambao unaona gurudumu la mbele tu na la nyuma unaliamini, nilifika getini na wageni wawili, mke na mume, Waholanzi wastaafu. Kijana wa zamu akatoka na blanketi begani, akaikunjua karatasi ya bei iliyofunikwa nailoni. Kuna mtembea kwa miguu. Kuna pikipiki. Kuna gari dogo na gari kubwa. Akashuka na kidole hadi chini, akapanda nacho tena hadi juu, kisha akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeifuta baiskeli. Akaenda kutafuta mtandao kule juu kwenye jiwe, ndipo simu inaposhika. Tulisimama dakika 40 tukipiga miguu chini kwa baridi. Akarudi.

“Bosi amesema ni chombo.”

“Chombo gani?”

“Chombo tu, kaka.”

Tukalipa. Kwenye stakabadhi akaandika: Pikipiki 2 (hazina injini). Yule mzee aliniomba nimtafsirie, akacheka mpaka akakaa chini, na karatasi ile akaitia kwenye mfuko wa plastiki pamoja na pasi yake ya kusafiria.

Mimi sikucheka sana, kwa sababu wiki iliyofuata, geti lilelile, zamu nyingine, tulikuwa watembea kwa miguu. Na mwezi uliofuata tukaambiwa baiskeli haziruhusiwi kabisa, turudi. Tulirudi kilomita 14 tulizokuwa tumezipanda asubuhi nzima. Kushuka ni raha kwa asiyejua; kwa mama wa miaka 63 mwenye goti bovu na kilo 20 za mizigo, kushuka kwa breki ndiyo adhabu yenyewe. Majibu matatu kwa kitu kimoja katika msimu mmoja! Mimi niwaambie nini wageni wanaoniandikia miezi sita kabla wakiuliza wabebe fedha kiasi gani?

2. Hatujui njia ipi ipo wazi na ipi imefungwa.

Pale kwenye njia panda ya kwanza baada ya geti kuna kibao. Mchwa wamekula upande wa kulia na mvua imemalizia. Kilichobaki kinasomeka: MARUFUKU KU. Marufuku kufanya nini? Kuchoma moto? Kukata? Kupita? Kila askari wa doria huyamalizia maneno hayo kwa namna yake, kutegemea ameamkaje. Nimeshaona watu wawili wakipewa miisho miwili tofauti siku moja.

Wageni wa Kijerumani wana swali lao ambalo huniuliza kabla hata ya kuteremsha mabegi: hapa kwenu ni mita ngapi? Kwao, katika jimbo la Baden-Württemberg, sheria ya misitu inakataza kuendesha baiskeli kwenye njia iliyo nyembamba kuliko mita mbili. Waendesha baiskeli wengi wa huko wanaichukia sheria hiyo na wamelalamika miaka mingi. Lakini wanaijua! Anayeivunja anajua anaivunja. Sisi tumebakiwa na njia ambazo babu zao walizichonga na hatuna sheria ya kulalamikia.

3. Daraja.

Hapa nitakaa kidogo, uniwie radhi.

Kijito kile cha pili kina daraja la magogo. Yalikuwa matano, yamebaki matatu, na kati ya la kwanza na la pili kuna pengo la upana wa kiganja. Nimelipima kwa mkono wangu: vidole vinne na gumba. Mtu wa miguu analiruka bila hata kuliona. Pikipiki ina tairi nene, inapita juu yake. Gurudumu la baiskeli ndilo linaloingia humo kama ufunguo kwenye kitasa.

Wakati wa vuli, magogo yakiwa yameota ule utelezi wa kijani, kijana mmoja alitangulia mbele yangu. Alikuwa Mtanzania kutoka Dar es Salaam. Natamka hivyo kwa makusudi, maana wapo ofisini wanaodhani haya ni madai ya Wazungu. Alikuwa ametumia likizo yake ya mwaka kupanda milima ya nchi yake kwa fedha zake. Nilimpigia kelele ashuke. Sauti ya maji ikaimeza sauti yangu. Gurudumu la mbele likazama, uma ukakunjika, naye akatangulia na bega.

Mtulinga ulivunjika, uliona mfupa umeinua ngozi kama kidole ndani ya soksi. Spoku sita zilikatika, na bado nazikumbuka kwa sababu nilikuwa nazihesabu ili nisimtazame. Akina mama waliokuwa wanarudi na kuni ndio waliomwokoa. Mmoja alifungua kanga yake ya juu, akaufunga ule mkono kifuani kwa fundo ambalo daktari baadaye alilisifia. Tukamweka katikati kwenye bodaboda, dereva mbele, mimi nyuma nimemkumbatia, tukateremka hivyo hadi hospitali, na kila shimo alikuwa anauma meno bila kulia. Simu ya ofisi yenu niliipigia njiani. Iliita.

Kijiji kilikaa kikao Jumapili iliyofuata. Watu wakatoa magogo saba ya mkaratusi kutoka mashambani mwao. Hakuna aliyegusa mti wa hifadhi, mtendaji alihakikisha. Tuliyaburuta kwa kamba hadi pale darajani. Akaja askari wa doria akatuambia tusiyaweke, daraja lipo ndani ya hifadhi, tunahitaji kibali. Alisema kweli na tulimtii. Tukaomba kibali. Hiyo ndiyo barua yangu ya tatu, ile ambayo faili lake halionekani.

4. Fedha.

Sisemi zinaliwa. Nasema hatuzioni. Wageni wanalipa getini kila msimu, na kijiji ambacho watu wake huzima moto wa kiangazi kwa matawi hakijawahi kusomewa ni wangapi waliingia na kilichoingia ni kiasi gani. Tunataka kusomewa kwenye mkutano mkuu wa kijiji, kwa sauti, basi.

5. Mirunda ya usiku.

Mchana baiskeli inahojiwa dakika 40. Usiku pikipiki zinashuka na mirunda imefungwa kwa mpira, taa zimezimwa, nasi tuliolala kando ya barabara tunazisikia. Sina ushahidi wa nani anajua nini. Nasema tu kwamba wasafiri wa baiskeli ni macho ya bure msituni. Nimewahi kuleta taarifa ya kisiki kibichi nilichoonyeshwa na mgeni aliyesimama kujisaidia, pamoja na picha yake. Nikaulizwa tulikuwa tunafanya nini huko.

6. Na sisi wenyewe.

Ningeandika matano ya kwanza nikaliacha hili, ungekuwa na haki ya kuichana barua yangu.

Miaka mitano iliyopita nilianza kupitisha wageni kwenye kijia chembamba cha upande wa kaskazini, kwa sababu kinapendeza: kuvumanyika, mizizi, mbega juu kabisa wanakurushia maganda. Nilikipitisha hadi wakati wa masika. Wengine wakaniiga, kisha wakaanza kukata kona ili kushuka moja kwa moja. Maji yakaifuata alama ya tairi. Mwaka wa kwanza ilikuwa mstari wa kidole, mwaka wa pili mfereji wa kufika kwenye kifundo cha mguu, na leo ukisimama ndani yake ukingo unakufika gotini. Tope lake linaishia kwenye kijito ambacho mama zetu wanateka maji, na wakati wa mvua wanayachuja kwa kitambaa.

Hilo nimelifanya mimi. Hakuna aliyenikataza, lakini nilikuwa na macho. Sasa naomba kijia hicho kifungwe, kifungwe kabisa na kwa baiskeli zote, za kwangu zikiwa za kwanza.

Najua majibu yatakayokuja, maana mengine nimeshapewa kwenye korido.

Mtasema hakuna bajeti. Kwa magogo saba yaliyokwishafika na watu walio tayari kuyapanga, bajeti inayohitajika ni wino wa sahihi moja. Kibao cha njia panda nitakichora mwenyewe. Rangi ninayo, nilinunua kwa ajili ya fremu.

Mtasema baiskeli zinaharibu msitu. Zinaweza, nimeshakiri. Lakini zinaharibu zikipita mahali pabaya wakati mbaya, kama miguu na kama ng’ombe. Kuna utafiti uliofanywa kwenye njia za milimani huko Montana, Marekani, ukachapishwa mwaka 1994: kwenye njia iliyoloweshwa, kwato na miguu ya watu vilitimua udongo mwingi kuliko magurudumu. Sisemi Montana ni Usambara. Udongo wetu mwekundu una tabia zake. Nasema swali siyo baiskeli au hakuna baiskeli. Ni njia gani, mteremko gani, mwezi gani. Njia inayoambaa na kilima, iliyoinamishwa kidogo upande wa bondeni na kukatwa mikingamo ya kutoa maji, inadumu. Njia inayoshuka wima itakuwa korongo hata ikipitwa na mbuzi peke yao.

Mtasema msitu ni wa kuhifadhi, siyo wa kuchezea. Hapo tunakubaliana kuliko unavyodhani. Katika misitu hii yuko kinyonga mwenye pembe mbili puani ambaye duniani hapatikani nje ya milima ya Usambara. Mwaka 2006 wanasayansi walipomtenga yeye na ndugu zake katika kundi lao, walilipa kundi hilo jina la Kinyongia, kutoka neno letu hilihili la kinyonga. Nimeona mgeni aliyesafiri bara mbili akilaza baiskeli yake tope lote, akapiga magoti dakika kumi kumsubiri mnyama wa urefu wa kidole avuke njia. Dereva wa gari asingemwona. Na kama ni suala la hadhi ya hifadhi, wenzetu wa Kenya wanaruhusu baiskeli Hell’s Gate, karibu na Naivasha, katikati ya pundamilia na twiga, na hapa nchini Kilimanjaro imewapa waendesha baiskeli njia ya Kilema. Kote huko mtu anajua apite wapi.

Mtasema ni kwa usalama wa wageni. Soma tena namba 3.

Mtasema mamlaka ipo juu, ninyi mnasubiri maelekezo. Inawezekana kwa bei. Lakini Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inataka hifadhi ya msitu iwe na mpango wa usimamizi, na inaruhusu mkataba wa kusimamia msitu kwa pamoja na vijiji jirani. Mpango huo mnauandika ninyi huku, na mnapouandika mna wajibu wa kutusikiliza. Wazee wetu wana kumbukumbu ndefu juu ya mipango inayoshushwa bila kuulizwa. Miaka ya 1950 Waingereza waliwaamuru kulima matuta milima yote. Kuzuia mmomonyoko halikuwa wazo baya, na leo shambani kwangu nina matuta. Lakini yaliletwa kwa amri na faini, watu wakayachukia mpaka mpango ukafa. Wapo wanaosema hivi ndivyo harakati za siasa zilivyopata watu huku juu. Sitishii, Ndugu Mhifadhi. Mimi ni fundi baiskeli.

Na mtasema, huyu anatetea tumbo lake. Ndiyo. Pamoja na la yule mama wa mgahawa, na la vijana watatu ninaowafundisha kukaza spoku, ambao wasingekuwa na kazi hii wangekuwa wanatafuta nauli ya Dar.

Ninayoomba ni haya, na naomba nijibiwe kwa maandishi ndani ya siku 30:

(a) Kibali cha kuweka magogo saba kwenye daraja la kijito cha pili. Hili halihitaji kikao. Mengine yote yanaweza kusubiri hili likienda.

(b) Neno “baiskeli” liingie kwenye karatasi ya bei, na bei yake moja, ya mgeni na ya mwenyeji, ibandikwe nje ya geti ambapo mtu anaisoma kabla hajavua kofia. Hata ikiwa kubwa. Bei kubwa inayojulikana naweza kuipanga kwenye safari.

(c) Siku moja ya kutembea. Wewe au msaidizi wako, askari mmoja wa doria, wawakilishi wa kamati za mazingira za vijiji vinavyouzunguka msitu, na sisi waongozaji. Tupite njia zote kwa miguu, tukubaliane papo hapo: hii wazi, hii wazi kiangazi tu, hii imefungwa. Orodha isainiwe na ibandikwe getini na kwenye ofisi za vijiji. Kijia cha kaskazini nakitaja tena: kifungwe, na kuchimba mikingamo ya kuzuia lile korongo lisiendelee tutafanya sisi.

(d) Kuanzia mwezi wa tatu hadi wa tano, njia zote za udongo laini zifungwe kwa baiskeli, tubaki kwenye barabara pana ya magari. Najua waongozaji wenzangu wawili watanuna. Nimeshazungumza nao. Bado wamenuna.

(e) Namba ya simu inayopokelewa, ibandikwe getini na darajani.

(f) Mapato ya geti yasomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji mara moja kwa mwaka.

Ikiwa siku 30 zitapita kimya, nitapeleka nakala ya barua hii na nakala za zile zilizotangulia, zenye muhuri, kwa Mkuu wa Wilaya na kwa diwani wetu. Sitaandamana, sitaziba geti, na magogo sitayaweka kwa nguvu. Nimewakataza pia vijana, ingawa wiki iliyopita walikuwa wameshatoka na kamba.

Jana nilipita pale kijitoni kuangalia. Yale magogo yapo palepale kando ya njia, kama tulivyoyaacha masika mbili zilizopita. Matano bado ni mazima, nimeyagonga kwa rungu yanalia vizuri. Mawili ya upande wa chini, yaliyogusa udongo, yameshaota uyoga. Tukipewa kibali leo tutatafuta mengine mawili.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Fundi baiskeli na mwongoza wageni,
kwa niaba ya waongozaji wenzake (isipokuwa wale wawili, kuhusu kipengele (d)).

Nakala:
– Watendaji wa vijiji vinavyopakana na msitu
– Kijana wa getini, kwa mkono, ili asiisikie kwa watu